Unga Wenye Vyumba

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Neno hilo nimelisema Uvira hii mpaka watu wakinisalimia wanalitanguliza wao. Nimeona ziwa likipanda mpaka jirani yangu akaingia salon yake, pale anapokalisha wageni, kwa mtumbwi, akashukia juu ya kanapé. Nimeona mtu akilipia gari kwa gunia la noti, na alipoinua boneti akakuta hakuna injini. Nimeona mengi. Na upande wa plastiki ndiyo usiniambie kitu kabisa. Nilikuwa nasema wazi kwamba akili yote ya plastiki Mungu aliiacha mikononi mwangu.

Sina masomo. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisoma nusu, kwa sababu baba alihitaji mtu wa kufukuza ndege kwenye mpunga kule Runingu. Lakini leo ukitoka Kavimvira kuelekea mjini, ukiona hangari ya bati la bluu yenye marundo ya bidoni za njano, yale madumu ya mafuta, nje, hapo ni kwangu. Nina mashine tatu za kugandamiza. Natoa mabeseni, sahani, soli za viatu, maboya ya nyavu. Nina nyumba ya ghorofa, na kila tofali nalijua lilikotoka. Nilianza na kisu kimoja cha moto, kando ya barabara pale Sange, nikiziba mabeseni ya wamama yaliyopasuka. Kisu hicho kimening'inia mlangoni kwangu, na mgeni lazima akiangalie kwanza ndipo nimpe kiti. Nipe kipande chochote nikiwashe, nitakwambia ni plastiki gani: hii inanuka mshumaa, ni ya bidoni, hii inatoa moshi mweusi wenye utamu, ni ya vikombe, hii inakaba koo, itupe.

Kwa kuwa mimi na kalamu hatukuzoeana, nilijitengenezea kitabu namna nyingine. Ni kabati la mbao lenye visanduku vya kiberiti zaidi ya mia nne. Kila kitu kinachopita mikononi mwangu, kabla sijakitia motoni, natoa kidogo, natia ndani ya kisanduku, naandika juu neno moja au mawili. Udongo mweupe. Majivu ya mpunga. Vumbi la mbao. Siku hizi mkono wangu unafanya hivyo peke yake, bila kuniomba ruhusa, kama mtu anavyojikuna.

Binti yangu wa kwanza alijifunza kusoma kwenye kabati hilo. Alikuwa anakaa juu ya bidoni iliyogeuzwa, miguu haifiki chini, anavuta kisanduku kimoja kimoja, ananisomea kwa sauti kubwa kama anayeita watu hospitali. Akikosea namwambia. Nikikosea mimi kuandika, naye ananiambia. Kicheko chake kilipenya kelele za mashine zote tatu. Sijui kama mashine zilikuwa na kelele ndogo zaidi wakati ule.

Mama yake anauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, urefu wa kidole, wanaoanikwa juani mpaka wakauke. Kiangazi hakuna shida. Mvua zikianza, hewa ya ziwani inakuwa nzito kama nguo iliyofuliwa, na magunia yanainywa. Leo ndagala inavunjika mkononi, kesho inapinda, keshokutwa ina manyoya meupe na harufu inafika barabarani. Siku moja mke wangu alimwaga magunia mawili kwa bata, na yule mtoto akiwa na miaka tisa hivi akaja kusimama mbele yangu.

"Papa, kwa nini hutengenezi beseni ya kunywa hii hewa?"

Nikacheka. Nikamwambia plastiki hainywi kitu, ndiyo maana watu wanainunua.

Akakua na swali lake. Alisoma Uvira, akasoma Bukavu, akasoma tena ng'ambo. Mpaka Bukavu nililipa mimi, kila franka, kwa mabeseni. Ng'ambo walimlipia wenyewe kwa sababu walimhitaji. Sasa yuko katika mji wa baridi ambako, anasema, jua linachungulia saa chache halafu linaomba radhi na kuondoka. Kazi yake ni kupika unga.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi na mbili, mvua zimekolea, alikuja nyumbani kwa majuma matatu. Kwenye sanduku lake, katikati ya zawadi, kulikuwa na chupa ya kioo kama zile za kahawa, imejaa unga mweupe.

"Miezi mitano niliupika huu, papa," akasema.

"Miezi mitano? Hata muhogo wa Sange haukai majini miezi mitano."

"Huu hauliwi. Huu iko na vyumba."

Tulikuwa mezani. Akamega ugali, akafinyanga tonge ndogo ndogo, akavunja njiti za kiberiti, akaanza kuchomeka njiti kwenye tonge, tonge kwenye njiti, mpaka ikasimama mbele ya sahani yangu nyumba ndogo isiyo na ukuta, nguzo tupu, na nafasi katikati. Tonge la ugali, akasema, ni alumini, ile ile ya sufuria za mama. Njiti ni asidi, ndugu ya zile zinazopatikana kwenye matunda. Ukizikutanisha vizuri zinashikana zenyewe, nyumba juu ya nyumba, na ndani ya chembe moja ya unga nyumba hizo hazihesabiki. Hewa ikiwa na unyevu, maji yanaingia kupanga humo. Ukiuanika unga juani, maji yanatoka. Kesho yanaingia tena.

"Kijiko kimoja," akasema, "ukikunjua nafasi zote za ndani, zinafunika uwanja wa mpira."

Mama yake akaiangalia ile nyumba ya ugali. "Na hawa wapangaji wote, kodi banamulipa nani?"

Tukacheka wote watatu. Nakikumbuka kicheko hicho kwa sababu ndicho cha mwisho kusikika watatu pamoja katika chumba kimoja.

Halafu akaeleza shida yake. Unga ukiuweka hivi hivi ndani ya stoo ya ndagala utapeperuka, utaingia kwenye samaki, nani atakula? Lazima ushikwe na kitu. "Plastiki inapaswa kuushika, papa, lakini isiukabe koo." Alikuwa na namna yake: unayeyusha plastiki ndani ya maji fulani makali, unachanganya unga, unatandaza juu ya kioo tabaka jembamba kama karatasi, unatumbukiza majini; yale makali yanakimbia, yanaacha vijia, na unga unabaki umeshikwa huku unapumua. Shida, maji hayo makali hayapandi ndege. Angeyatafuta Bujumbura, ng'ambo tu ya mpaka, kwa rafiki yake aliyesoma naye. Angerudi baada ya siku mbili, atengeneze vibamba vyake, avitundike kwenye stoo ya mama yake, apime, kisha arudi kwa mwalimu wake na jibu.

Mimi nilisikia "plastiki inapaswa kuushika". Hayo mengine sikuyasikia.

"Uniangalilie chupa yangu," aliniambia mlangoni, akapanda pikipiki.

Sasa lazima nieleze kitu cha kazi yetu. Sisi watu wa plastiki tuna jambo tunaliita kulisha. Plastiki peke yake ni ghali, kwa hiyo unailisha: unachukua udongo mweupe uliopepetwa, au majivu, unatia ndani ya ile iliyoyeyuka, unakoroga. Inaongezeka, inakuwa ngumu, inang'aa. Kazi hiyo hakuna wa kunishinda kutoka hapa mpaka Baraka. Unga wowote unaonijia mbele, mkono wangu unajua unaelekea wapi. Na nilikuwa na hamu, kwa nini nifiche. Mtoto wangu alikuwa ameniletea swali la plastiki mezani kwangu, kisha akaenda kutafuta jibu Bujumbura, kana kwamba baba yake anauza nyanya.

Nilichagua bidoni ya njano iliyo safi kuliko zote, bidoni isiyowahi kubeba petroli. Nikaiosha mara tatu, nikaikata, nikaiyeyusha polepole. Nikamimina unga wote wa chupa. Nikakoroga mpaka bega likauma. Nikagandamiza vibamba vitatu, kila kimoja kama sahani, nikavikata pembeni, nikavisugua kwa mchanga wa ziwani. Vilikuwa vizuri, wallahi. Vilikuwa vigumu na laini kama jino. Niliviweka juu ya meza ya salon, nikavifunika kitambaa cha Krismasi.

Alirudi jioni, chupa ya maji makali imeviringwa ndani ya kitenge. Nikafunua kitambaa.

Aliangalia vibamba. Akaangalia chupa ya kioo, tupu, nimeiosha na kuigeuza ikauke. Hakupiga kelele. Akaniuliza tu, "Wote?"

"Wote. Sikumwaga hata chembe."

Akakaa. Baadaye akaniomba twende kwa jirani, mnunuzi wa dhahabu, mzee Mwislamu ambaye mababu zake walikuja ziwani na biashara zamani na mpaka leo anaheshimiwa kwa mizani yake. Tunamwita Haji.

"Fundi," Haji akaniambia, "mizani hii haijawahi kupima beseni. Usiniletee mikosi."

Tukapima kibamba kimoja. Gramu mia mbili na kumi na mbili, nukta tatu. Binti akakitundika stoo, katikati ya magunia ya mama yake, hewa imelowa mpaka kuta zinatoka jasho. Asubuhi tukarudi kwa Haji. Gramu mia mbili na kumi na mbili, nukta tatu.

"Haikunywa hata tone," nikasema, na bado sikuelewa. Nilidhani ni sifa.

"Papa," akasema mbele ya Haji, taratibu, kama anayemweleza mtoto, "kila chumba iko na mlango. Umepaka plastiki ku milango yote. Vyumba viko ndani, vizima, lakini umevizika."

Hapo ningeweza kusema neno moja. Haji alikuwepo, amesimama na kibano chake cha dhahabu mkononi, ananiangalia. Mtu ambaye nilikuwa nimemwambia mara mia kwamba hakuna kitu cha kunishangaza.

"Unga ni unga," nikasema. "Taja bei."

Binti akaniangalia. Sijaona tena uso ule, na wala sitaki. Akachukua begi lake la mgongoni, akamshukuru Haji kwa mizani, akatoka. Siku mbili baadaye aliondoka, majuma yake hayajaisha. Alimwachia mama yake ile chupa ya maji makali, akamwambia aipeleke mbali na chakula. Mimi aliniambia, "Papa, ubaki salama," kama unavyomwambia mwenye duka.

Vibamba vile vitatu mke wangu alivitumia kufunikia mitungi. Vinafaa sana. Havitavunjika hata tukifa sote.

Ukatokea mwaka ambao sikujua utakuwa mrefu vile. Alikuwa anapiga simu kila Jumapili, kwa namba ya mama yake. Nilikuwa nakaa salon, mlango wa chumba nusu wazi, radio nimeizima ila nimeishika kana kwamba naitengeneza. Nilijifunza kumsikiliza kupitia ukuta: akiwa na mafua, akiwa amechoka, akiwa anacheka jambo ambalo sitaambiwa. Mke wangu, ambaye ana huruma za kificho, alianza kuiweka simu kwenye haut-parleur, sauti isikike chumba kizima, akijifanya masikio yake yameziba. Mwishoni kila mara ilikuwa hivi:

"Papa iko?"

"Iko."

"Sawa."

Hiyo "sawa" ndiyo niliyoishi nayo. Nilikuwa nikienda hangari, naiona ile bidoni ya kukalia, imegeuzwa, hakuna aliyethubutu kuikata. Nilitoa mabeseni elfu na zaidi mwaka ule, watu wakanisifu, nikajibu, na usemi wangu wa kutoshangaa nikausema tena na tena, lakini ulikuwa umepoteza ladha, kama sukari iliyonyeshewa.

Mvua zikarudi. Asubuhi moja mke wangu alikosa kiberiti cha kuwashia makala, mkaa wa jikoni, nami nikaenda kabatini kutikisa visanduku, nikitumaini kimoja kina njiti. Mikono ilikuwa inatikisa, masikio yanasikiliza. Kimoja hakikulia kitu, na kilikuwa chepesi karibu kama kitupu. Juu yake, kwa mwandiko wangu mimi: *unga wa mtoto*.

Nilikaa chini. Siku ile ya kosa langu, kabla ya kumimina, mkono wangu ulikuwa umefanya kazi yake ya kujikuna. Nilikuwa nimemwambia mtoto "wote", na niliamini.

Kumtumia unga huo ndiyo ilikuwa haki yake. Kujaza bahasha, kuandika anwani, kwisha. Lakini ningemtumia na neno gani? Na yeye alikuwa ameshapika mwingine, mama yake aliniambia. Nilichotaka mimi, sikioni kibaya kukisema, ni jibu la kumpa, nisimfikie mikono mitupu kama mtu anayeomba kurudishiwa kiti chake.

Kwa hiyo nikaanza kufikiria vijia. Plastiki iushike unga na isiukabe koo. Siku ngapi nilitembea na maneno hayo! Nilifika mpaka Makobola kuchukua maboya yaliyopasuka, na njia nzima, ziwa upande mmoja, mlima upande mwingine, nilikuwa naongea peke yangu ndani ya gari. Vijia. Plastiki yenye vijia ni plastiki mbovu. Nani amewahi kutengeneza plastiki yenye vijia kwa makusudi?

Kwa makusudi, hakuna. Ila mimi niliwahi, bila makusudi.

Hili sijawahi kumweleza mtu, hata mke wangu alilijua nusu tu. Watu wote wanajua niliondoka Sange kwa sababu Sange ilikuwa ndogo kwangu. Ndivyo nilivyosema. Kweli ni kwamba, katika mwaka wangu wa pili pale, nilinunua kwa bei ya kutupa mzigo wa mifuko ya plastiki iliyokuwa imebeba chumvi. Kijana mwenye haraka, sikuosha. Nikayeyusha chumvi na yote, nikatoa mabeseni, yakang'aa, soko likanunua. Wamama wakayaosha mara moja, mara mbili, na chumvi ikatoka na maji, na mabeseni yakaanza kutoa jasho chini. Unajaza maji jioni, asubuhi sakafu imelowa na beseni iko nusu.

"Beseni yako inalia!" walikuja wakinipigia kelele, wakayapanga mbele ya kibanda changu, yamefudikizwa, kumi na moja, kama makaburi. "Weye Baba Machozi, rudisha pesa yetu!" Jina hilo lilishika kwa nusu siku. Nilihama kesho yake, soko halijafunguliwa. Na nilibeba kipande kimoja cha beseni hilo ndani ya kisanduku cha kiberiti, nikaandika juu: *Sange*. Basi.

Nilikitoa sasa, baada ya miaka yote hiyo. Nikakiinua kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa na vitundu vidogo, vingi, kimoja kimeingia kwenye kingine.

Nilifanya majaribio kwa udongo mweupe kwanza, unga wa mtoto sikuugusa. Nilikausha chumvi juu ya bati, nikaitwanga ikawa laini, nikailisha plastiki. Mara ya kwanza nilitia kidogo. Kila punje ilibaki imejifungia peke yake, maji hayakuifikia. Nikaongeza. Nikaongeza tena, mpaka chumvi ikazidi plastiki yenyewe, ili punje zigusane na moja imfungulie mwenzake njia. Halafu nikaloweka. Kila siku nilibadilisha maji, na kila siku nililamba kibamba.

"Baba watoto," mke wangu akauliza kutoka jikoni, "sasa unakula na plastiki?"

"Natafuta chumvi."

"Chumvi iko huku, njoo uchukue kijiko."

Siku ya tisa ulimi haukukuta kitu. Ndipo nikachukua kile kisanduku.

Kulikuwa na vijiko viwili hivi vya unga, na dunia nzima haina vingine vilivyopikwa na mtoto wangu kwa ajili ya stoo ya mama yake. Nilichanganya unga na chumvi kwanza, vikavu, nikaongeza plastiki ndogo iwezekanavyo, moto mdogo, nikagandamiza kwa mkono, siyo kwa mashine. Kikatoka kibamba cha ukubwa wa kiganja. Na kingine kama hicho, cha plastiki na chumvi tu, bila unga. Hilo sikuelekezwa na mtu. Nilijiambia tu kwamba, ikiwa kitaongezeka uzito, nitajuaje kwamba kilichokunywa si masalia ya chumvi? Vyote viwili nikaviloweka siku tisa, nikavilamba, nikavianika.

Haji alipotuona, mimi na mke wangu na vibamba viwili vibaya, vyenye mabaka, vinavyokwaruza kama kisigino, akaomba Mungu kwanza.

Saa kumi na moja jioni: chenye unga, gramu thelathini na moja, nukta nne. Tukavitundika stoo. Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa mlangoni kwa Haji, amevaa bado kofia ya sala. Kisicho na unga hakikusogea. Akakitoa, akaweka chenye unga kwa kibano chake, tukasubiri namba zitulie.

Thelathini na mbili, nukta sita.

"Imekunywa," akasema Haji.

"Pima tena."

"Fundi, mizani hii watu wamekufa kwa ajili yake. Imekunywa."

Tukakianika juani mpaka saa nane, kikarudi thelathini na moja, nukta nne. Kesho asubuhi kikapanda tena. Nilipiga picha mbili za mizani, ya jioni na ya asubuhi, na ya tatu ya kile kisicho na unga. Nikazituma kwa namba yake. Sikuandika neno. Maneno yangu alikuwa anayajua.

Simu ililia kabla sijafika nyumbani, na ilikuwa simu yangu. Jina lake lilipotokea kwenye kioo nilisimama katikati ya barabara, pikipiki zikanipigia honi pande zote.

"Papa."

"Minye hapa."

"Unga ulitoka wapi?"

Nikamweleza habari ya kisanduku. Akauliza: "Kile kisicho na unga, ulipima asubuhi pia?"

"Nilipima. Hakikuongezeka."

"Nani alikuambia utengeneze kisicho na unga?"

"Hakuna."

Nilisikia anapumua, karibu, kama yuko kwenye bidoni yake. "Na hivi vijia, papa? Ulifanya namna gani?"

Jibu langu la miaka yote lilikuwa tayari mdomoni: akili yangu mwenyewe. Mke wangu alikuwa pembeni, anaangalia ziwa kana kwamba hasikii. Nikamweleza binti yangu yaliyonipata Sange. Nikamweleza mifuko ya chumvi, mabeseni kumi na moja, wamama, Baba Machozi, na vile nilivyohama kama mwizi. Sikuruka kitu.

Kikaja kile kicheko, kikapita juu ya pikipiki zote.

"Papa, hiyo iko mu vitabu! Wanafanya kwa chumvi, wengine kwa sukari."

"Waliandika mwaka gani?"

"Sijui, zamani."

"Minye nilifanya kabla hujazaliwa."

"Njo vile," akakubali, na sauti ikabadilika, ikawa ya kazi. Kwamba yale maji yake makali ni sumu, na mwalimu wake hataki sumu karibu na samaki. Kwamba chumvi na maji ni bora kwa stoo kama ya mama. Kwamba vyumba vyote havikuwa wazi, labda nusu, nusu bado nimeiziba, lakini nusu inatosha kuanzia. Atawaonyesha picha Jumatatu, na watamuuliza jambo moja tu, kwa sababu hawaamini kwamba kitu kama hiki kinaweza kutengenezwa Uvira na mtu wa kawaida akakimudu.

"Kwa hiyo, papa," akasema, na nikasikia tabasamu, na nikasikia pia kwamba hakuwa amesahau hata herufi moja, "taja bei."

Ningeweza kumjibu mara moja, hesabu niliijua. Lakini nilikaa juu ya jiwe kando ya barabara, nikaanza kuhesabu polepole, kitu kimoja kimoja, nikirudia, nikijisahihisha, ili asikate simu. Robo ya bidoni ya njano. Chumvi, na ile iliyomwagika. Makala, ya vibamba vyote viwili. Maji ya bomba, siku tisa. "Na unga?" akauliza. "Unga ni wako, siuhesabu," nikasema. Mke wangu akaninong'oneza niongeze kisanduku cha kiberiti, kwa kuwa sasa ni kitupu. Nikaongeza, franka mia mbili. Alinisubiri mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja, na nilipokosa kitu kingine cha kuhesabu nikamwambia: franka elfu tatu na mia tatu.